Mtaro umeziba, ghuba la taka limefurika, boma limesimama: jambo la mtaa linapitaje halmashauri ya mji?

Mkazi wa Bondeni

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wa watu wanaozijua halmashauri za miji kwa ndani. Nazungumzia halmashauri ya mji, si manispaa wala jiji: mji mdogo wenye barabara kuu moja, stendi, soko, kata chache za mjini na nyingine ambazo bado ni mashamba na zina vijiji.

Mtaani kuna mambo matatu. Mtaro wa barabara itokayo sokoni umejaa mchanga na mifuko, mvua ikinyesha maji yanapita juu ya barabara na kuingia nyumba za bondeni. Ghuba la taka pembeni ya soko limefurika, lori hukaa hata wiki mbili bila kuonekana, na kila kaya inadaiwa ada ya taka. La tatu, wakazi walichanga wakainua boma (kuta zisizo na paa) la madarasa mawili ya shule ya msingi, limefika kwenye linta na limesimama hapo.

Mwenyekiti wa mtaa anasema ameshapeleka. Diwani anasema ameshalizungumza. Halmashauri wanasema hakuna bajeti. Sitafuti wa kulaumiwa. Nataka kujua jambo la mtaa linasafirije: linaanza na karatasi gani, linafika meza ya nani, kikao gani kinaamua, mwezi gani, na linakwama wapi.

---

Masijala

Mkuu, mambo yako matatu yana wenyewe watatu, na hapo ndipo wakazi wengi wanapopotea. Mtaro wa barabara za mjini ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini Tanzania, tangu ilipoanza kazi mwaka 2017. Kama barabara hiyo ni ya mkoa au ni barabara kuu, basi ni wa TANROADS, wakala wa barabara hizo. Taka ni za halmashauri yenyewe. Boma ni la elimu msingi, ila mhandisi wa mji lazima aliridhie. Ukiyaweka yote kwenye barua moja, masijala, yaani ofisi ya barua na majalada, watafungua jalada moja, mkurugenzi ataliandikia kwa mkuu wa idara mmoja, naye atajibu la kwake tu. Andika barua tatu.

Kabla ya barua kuna kikao. Mtaa si sawa na kijiji. Kijiji kilichosajiliwa kina hadhi ya kisheria: kinamiliki mali na kinaweza kutunga sheria ndogo zake. Mtaa hauna hayo. Silaha yake ni muhtasari wa kikao. Kamati ya mtaa ni mwenyekiti na wajumbe watano, wawili wa viti vya wanawake, na katibu wake ni mtendaji wa mtaa. Mkutano wa wakazi wote unatakiwa kuitishwa kila miezi miwili. Kwa hiyo mwenyekiti akisema ameshapeleka, mwulizeni kwa adabu: muhtasari wa tarehe ngapi? Mara nyingi jambo limesemwa kwa mdomo kwenye kikao cha kata, na la mdomo haliingii kwenye kabrasha la kikao kinachofuata.

Muhtasari unaosaidia una tarehe, orodha ya mahudhurio yenye sahihi, ajenda, na azimio lenye namba linalosema nani afanye nini na lini. "Wananchi walilalamikia mtaro" si azimio, hakuna mtu atakayetekeleza lalamiko. Azimio ni hivi: "Mtendaji wa mtaa amwandikie Meneja wa TARURA wa wilaya kuomba mtaro wa barabara kutoka soko hadi darajani, urefu wa mita 340, usafishwe kabla ya tarehe 30 Oktoba, nakala kwa Mtendaji wa Kata." Mwenyekiti na mtendaji wasaini, muhuri ugongwe, nakala moja ibaki kwenye faili la mtaa.

Hapo unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa na vijiji vya kata hiyo ni wajumbe. Kazi yake kubwa kwenu ni kupanga vipaumbele. Kata yenye mitaa sita na kila mtaa una mambo matatu itakuwa na maombi kumi na nane, na yatakayofika halmashauri yakiwa na uzito ni mawili au matatu. Mwenyekiti wenu akienda bila vipimo wala gharama, jambo lake linakaa chini ya la mwenzake aliyekwenda navyo.

Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka. Kwa kawaida siku moja ni ya taarifa za kata: kila diwani anawasilisha yake kwa maandishi. Siku inayofuata ni baraza lenyewe, zinapokelewa taarifa za kamati za kudumu. Wananchi wanaruhusiwa kuingia kusikiliza, hawachangii. Nendeni watatu au wanne mkae. Diwani akiona watu wa mtaa wake ukumbini, ukurasa wa mtaro hauruki.

Jambo la mwisho kwangu: barua ipelekwe masijala kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Rudi baada ya wiki uulize namba ya jalada na jalada liko meza gani. Ukiwa na namba hiyo, mhudumu anakujibu kwa dakika tano. Ukisema tu "nilileta barua mwezi uliopita", wataanza kutafuta upya kila ukienda.

---

Kalavati

Naongezea kwenye mtaro, kwa sababu watu wakifika TARURA na neno "umeziba" wanarudishwa.

Kwanza tembeeni mtaro wote kutoka juu hadi unapomwaga maji. Pale maji yanapofurika mara nyingi sipo palipoziba. Paliziba mita hamsini mbele. Angalieni vivuko vya maduka. Mwenye duka humwaga zege juu ya mtaro apate kupita, haachi mfuniko wa kunyanyua, na chini yake mchanga unakaa bila mtu kuuona. Kivuko kimoja cha namna hiyo kinafunga mtaro mzima. Kingine ni kalavati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara. La milimita 600 mtu haingii ndani, likijaa mchanga linasukumwa kwa mti au kwa maji yenye nguvu, likishindikana linavunjwa. La 900 kibarua anaingia na koleo fupi. Kama kalavati lenu ni la 600 na linapokea maji ya soko zima, kulisafisha kutawasaidia msimu mmoja tu, kwa hiyo ombi lenu liseme libadilishwe.

Pimeni urefu, upana wa juu na kina, na kina cha mchanga uliojaa. Mtaro wa mita 340, upana wa sentimita 60, mchanga wa sentimita 40, hapo kuna meta za ujazo kama 80. Hiyo ni kazi ya vibarua na malori, na meneja anaweza kuipigia hesabu palepale. Piga picha tano au sita zenye kitu kinachotambulika: nguzo ya umeme, kibao cha shule.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unaweza kusaidia sana, lakini mchanga ukitolewa na kurundikwa ukingoni, mvua ya kwanza inaurudisha wote. Tafuteni trekta siku hiyohiyo, hata la kukodi. Wenye ujenzi wanauhitaji wa kujazia, kama hauna taka nyingi huwa wanauchukua bure.

Na msisubiri masika. Kazi za matengenezo ya TARURA hutegemea Mfuko wa Barabara, na tangu Julai 2021 kuna shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli inayokwenda huko. Mpango wao wa mwaka unawasilishwa kwenye baraza la madiwani, hivyo diwani ana nafasi ya kuuliza barabara yenu imo au haimo. Kama haimo kwa mwaka huu, ombeni usafishaji kama kazi ndogo ya dharura, na ujenzi uingizwe mwaka unaofuata. Ukiomba vyote kwa pamoja, jibu litakuwa la kile kikubwa: subirini bajeti.

---

Mkazi wa Bondeni

Shukrani sana Masijala na Kalavati. Vivuko vya maduka vipo, kama saba hivi, na viwili ni vya zege moja kwa moja. Nani ana mamlaka ya kuwaambia wavunje? Na kwenye taka, ada ni shilingi 2,000 kwa kaya kwa mwezi, inakusanywa na kikundi chenye mkataba na halmashauri. Wakazi wengi wameacha kulipa kwa sababu lori haliji. Kikundi kinasema lori haliji kwa sababu watu hawalipi.

---

Toroli

Vivuko: mwenye barabara ndiye mwenye mtaro, kwa hiyo notisi inatoka TARURA, afisa afya wa kata naye anaweza kutoa notisi kwa sheria ndogo za usafi, kwa sababu maji yaliyotuama ni kero ya afya. Waende pamoja, mtendaji wa mtaa akiwepo. Notisi iandike siku za kutekeleza, na imwambie mwenye duka aweke nini badala yake: vifuniko vya zege vyenye nondo vya kunyanyuliwa, kila kimoja watu wawili waweze kukibeba. Akiambiwa tu avunje, atavunja leo na kumwaga zege jingine mwezi ujao.

Sasa taka. Hapa napenda tupige hesabu, maana mgogoro huo wa "hamlipi, haji" uko miji mingi na chanzo chake ni hesabu iliyokosewa tangu mkataba.

Chukua mtaa wa watu 2,000. Kwa makadirio ya nusu kilo kwa mtu kwa siku, ni tani moja kila siku. Taka za majumbani zisizoshindiliwa zina uzito wa kama kilo 300 kwa meta ya ujazo, kwa hiyo ni meta tatu na zaidi kila siku, meta 23 kwa wiki. Lori la kubeba meta 10 linahitaji safari tatu kwa wiki. Likija mara moja kwa wiki mbili, meta zaidi ya 30 zinabaki. Kwa hiyo ghuba lenu halifuriki kwa bahati mbaya, halina namna ya kutofurika. Tena hapo sijaweka taka za soko, ambazo ni mbichi, nzito, na zinaoza siku ya pili.

Upande wa fedha. Watu 2,000, kwa wastani wa kaya ya watu 4.3 wa sensa ya 2022, ni kaya kama 465. Zote zikilipa shilingi 2,000 ni 930,000 kwa mwezi. Wakilipa sita kati ya kumi ni 558,000. Safari tatu kwa wiki ni kumi na tatu kwa mwezi, kwa hiyo kila safari ina shilingi 43,000 hivi. Toa dizeli ya kwenda dampo na kurudi, lori likiwa linanguruma wakati wa kupakia. Toa vibarua wanne wa kupakia. Haitoshi, na bado tairi, matengenezo na sehemu ya kikundi. Ndiyo maana kikundi kinapunguza safari mpaka hesabu ikae sawa, na mkazi anaona lori kila baada ya wiki mbili.

Kwa hiyo waulizeni halmashauri nakala ya mkataba na mtafute vitu vichache. Safari ngapi kwa wiki zimeandikwa? Mikataba mingi inasema "kukusanya taka ipasavyo", hapo hamna cha kudai. Nani anatoa dizeli? Nani anazoa ghuba la soko? Hapa ndipo panapoumiza. Ushuru wa soko hulipwa halmashauri kila siku, lakini taka za soko zinatupwa kwenye ghuba moja na za majumbani, na kikundi cha mtaa ndicho kinachobebeshwa. Wafanyabiashara wanalipia mahali pengine, kaya ndizo zinazosubiri lori. Kwa maoni yangu hilo ndilo la kwanza kupigania: ghuba la soko litenganishwe, lizolewe kila siku kwa gari la halmashauri, nanyi mbaki na kikundi chenu.

La pili ni safari. Kama lori ni moja kwa mji mzima, trekta lenye tela linafaa zaidi kwa mitaa ya karibu. Linabeba kidogo lakini ni rahisi kutengeneza na linapita njia nyembamba. Lori libaki kwa soko na kwa kata za mbali. Taka za jikoni za wenye bustani na migomba zisifike ghubani kabisa. Ni sehemu kubwa ya uzito wote.

La tatu, malipo. Ada ya taka ni mapato ya halmashauri, inatakiwa ipite kwenye POS (mashine ya kielektroniki ya kukusanyia mapato) au namba ya malipo ya serikali, na mlipaji apate risiti. Kinachoandikwa kwenye daftari bila risiti msilipe. Ripoti za CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) zimekuwa zikirudia hoja ya fedha zilizokusanywa kwa POS zisizofikishwa benki, na hoja nyingine ya "fedha mbichi", yaani fedha iliyotumiwa kabla ya kuingizwa benki. Mkidai risiti, mnapata na takwimu: mwishoni mwa mwezi mtaa unaweza kuomba orodha ya kaya zilizolipa, na ubishi wa "hamlipi" unakwisha.

---

Vocha

Masijala ameeleza njia vizuri, lakini sikubaliani naye sehemu moja. Anawapeleka watu kwenye baraza la madiwani kana kwamba ndipo jambo linapoamuliwa. Likifika barazani limeshaamuliwa. Kinachohusu fedha kinapikwa kwenye timu ya menejimenti ya mkurugenzi, yaani wakuu wa idara, kisha Kamati ya Fedha na Uongozi, ambayo hukaa kila mwezi. Baraza huidhinisha. Diwani asipolisukuma kwenye kamati, barazani atasikilizwa vizuri na kujibiwa "tumelipokea".

Na "hakuna bajeti" lina maana zaidi ya moja, dada au kaka, kwa hiyo ukiambiwa hivyo uliza ni ipi. Inaweza kuwa jambo halimo kwenye mpango wa mwaka. Inaweza kuwa limo lakini fedha haijakusanywa. Inaweza kuwa fedha ipo lakini manunuzi hayajakamilika. Kila moja ina dawa yake.

Kama halimo kwenye mpango, dawa ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Vipaumbele vya mitaa kwa njia ya fursa na vikwazo (wakazi wenyewe wanataja walichonacho na kinachowakwamisha) vinatakiwa viwe vimekusanywa miezi ya Septemba hadi Novemba. Mwongozo wa bajeti ukitoka, idara zinaingiza kwenye PlanRep, mfumo wa kupanga bajeti, kisha menejimenti, kamati, baraza la wafanyakazi, na baraza la bajeti hukaa Januari au Februari. Baada ya hapo ni mkoa, TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa) na Bunge kuanzia Aprili. Ombi linalofika Machi limekosa mwaka mzima. Mtu akiniuliza mwezi muhimu kuliko yote kwa mwenyekiti wa mtaa, ni Oktoba.

Kubadili katikati ya mwaka kunawezekana, kwa uhamisho wa kifungu, lakini unahitaji vikao na idhini, na lazima pawe na kifungu cha kupunguzwa. Hakuna mkuu wa idara anayetoa chake kwa furaha.

Kama limo ila fedha haijaingia, tazameni msimu. Mji mdogo unaishi kwa ushuru wa mazao, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo, leseni, soko, stendi, machinjio. Ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka kiwango cha juu cha asilimia 5, unaingia wakati wa mavuno na kukauka baadaye. Mji unaotegemea mahindi una fedha kuanzia Julai hadi Oktoba, na Februari unahangaikia hata mafuta ya gari. Tena kwenye mapato ya ndani, asilimia 10 ni ya mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Halmashauri ndogo zimekuwa zikielekezwa asilimia 40 iende miradi ya maendeleo. Kinachobaki kinaendesha ofisi, posho za vikao, watendaji. Kwa hiyo mradi wa mapato ya ndani usukumwe utekelezwe robo ya kwanza. Ukisogezwa robo ya tatu, hesabuni umehamia mwaka mwingine.

Kama fedha ipo ila manunuzi bado, tatizo mara nyingi ni karatasi. Idara inaandika dokezo, mkurugenzi anaidhinisha, manunuzi yanapita kwenye mfumo wa NeST ambao mtoa huduma lazima awe amejisajili, bidhaa zinapokelewa na kamati ya mapokezi, msambazaji analeta ankara na risiti ya EFD (mashine ya kodi), ndipo vocha inaandaliwa kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali. Mwenye duka la vifaa mjini asiye na EFD, au ambaye hajasajiliwa, hawezi kulipwa hata kama saruji yake imeshajenga. Na kuna makato: asilimia 2 ya kodi ya zuio kwa bidhaa zinazouzwa serikalini, 5 kwa huduma. Asiyejua hayo hupiga bei ya kawaida, akikatwa anasusa, kazi inasimama.

Boma lenu sasa. Msiombe "kumaliziwa". Ombeni kwanza mhandisi alikague na atoe makadirio ya gharama kwa maandishi. Maboma mengi yanakwama hapo: msingi mfupi, vipimo si vya ramani ya serikali, au udongo wa kuunganishia tofali badala ya saruji, na mhandisi hawezi kuweka paa juu yake bila kuwajibika likianguka. Kama kuna kasoro, zirekebisheni mapema, na ukuta ulio wazi ufunikwe juu kwa turubai au tabaka jembamba la saruji kabla ya mvua. Boma lililopigwa na mvua misimu miwili linaweza kukataliwa lote.

Likishakubaliwa, liingie kwenye orodha ya maboma ya halmashauri kwa jina la shule na idadi ya vyumba. Orodha hiyo ndiyo inayotazamwa fedha ya serikali kuu ikishuka ghafla. Kiwango kilichozoeleka cha kumalizia boma la darasa moja kimekuwa shilingi milioni 12.5, na madarasa mapya ya mpango wa UVIKO wa mwaka 2021 yalijengwa kwa milioni 20 kila moja. Fedha huingia akaunti ya shule na ujenzi hufanywa kwa mafundi wa eneo hilo, ukisimamiwa na kamati tatu: ujenzi, manunuzi, mapokezi. Wajumbe ni wakazi. Chagueni watu wanaoweza kukaa mchana shuleni kuhesabu mifuko ikishushwa. Mjumbe mmoja asikae kamati mbili, kwa sababu aliyenunua hawezi kuwa anayepokea.

---

Masijala

Vocha yuko sahihi kuhusu Kamati ya Fedha. Vikao vya kamati mwananchi haingii, kwa hiyo yale ya Oktoba na ya kabrasha yasukumwe kupitia diwani wa kata na diwani wa viti maalumu. Huyu wa viti maalumu watu wanamsahau kabisa, ilhali ana kura na sauti ileile barazani, na mambo ya shule na maji mara nyingi anayashika vizuri.

Niongeze jingine dogo. Barua ya utambulisho au muhtasari wa mtaa hauhitaji kupita kwa mjumbe wa shina. Huyo ni kiongozi wa chama, si ngazi ya serikali ya mtaa. Mkazi anaweza kumfahamu na kumheshimu, lakini mtendaji wa mtaa hawezi kukataa kukuhudumia kwa sababu huna karatasi yake.

---

Mkazi wa Bondeni

Nimeelewa, na asanteni sana. Tunaitisha mkutano wa mtaa mwezi huu, azimio litakuwa na vipimo. Swali la mwisho: hiyo ada ya 2,000 na faini za usafi, tunajuaje ni halali? Tukiomba sheria ndogo mtaani wanasema iko halmashauri.

---

Toroli

Ulizeni kwa mwanasheria wa mji, si kwa afisa mapato. Sheria ndogo ya halmashauri inapitishwa na baraza, wakazi wakiwa wamepewa nafasi ya kutoa maoni, inaidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba ya tangazo na mwaka. Ombeni namba hiyo. Viwango vya ada vimo kwenye jedwali la mwisho, na huwa vimegawanywa: kaya, duka, mgahawa, nyumba ya wageni, gereji. Linganisheni na risiti zenu.

Mkikuta jedwali linasema 1,000 na mnatozwa 2,000, kiwango hakiwezi kupandishwa kwa azimio la kamati ya mtaa wala kwa mkataba wa kikundi, hata kama wakazi walinyoosha mikono. Lazima sheria ndogo yenyewe irekebishwe kwa njia ileile. Mwandikieni mkurugenzi, nakala kwa mkaguzi wa ndani, mkiambatisha ukurasa wa jedwali na risiti mbili au tatu. Na kama jedwali lenyewe limepitwa na wakati, kiwango hakitoshi hata dizeli, basi semeni hilo pia kwenye mkutano wenu wa mwezi huu, maana marekebisho yakianza leo yanaweza kuchukua mwaka na zaidi kabla ya kutangazwa gazetini.